Mzee Sabuni na Kidimbwi cha Kitinda

Kazi ya kupulizia dawa mashamba ya watu humrudisha mtu nyumbani jioni ananuka kama stoo ya pembejeo, macho mekundu, mikono imepauka. Lakini yule mzee hakuwahi kurudi hivyo hata siku moja. Alirudi amenyooka, nywele zimelowa, kola imefungwa mpaka kifungo cha juu, na harufu ya sabuni ya kipande ilimtangulia mlangoni. Ndiyo maana watu wakamwita Mzee Sabuni, na jina likamkaa kama shati la kupimiwa.

Wako waliosema ni majivuno. Mkewe, fundi cherehani ambaye mdomo wake ulikata kuliko mkasi wake, alisema si majivuno wala nini.

"Ananiogopa mimi," aliwaambia wateja wake huku akitema pini. "Na anafanya vizuri."

Ukweli wenyewe ulikuwa hivi. Mwaka walipooana, kijana yule aliingia na bomba lake la mgongoni mpaka jikoni akalitua kando ya mtungi. Mkewe hakupiga kelele. Alilishika kwa kitambaa, akalitoa nje, akarudi akamwaga maji yote ya mtungi, akausugua mtungi kwa mchanga, akaja kusimama mbele ya mumewe mikono kiunoni.

"Huyo mke wako wa pili," alisema, "hakai nyumba moja na mimi."

Tangu siku hiyo bomba halikuvuka lango. Mzee Sabuni alijenga kibanda cha mabati huko juu, kando ya barabara, penye mtaro wa maji ya mvua. Humo aliweka bomba, ovaroli na mabuti. Kila alipotoka shambani alipitia hapo kwanza. Alisuuza tangi mara tatu, akatikisa, akamwaga mtaroni. Alisugua pua ya bomba kwa mswaki mkuukuu mpaka kwenye vile vitundu vidogo visivyoonekana. Kisha akafua ovaroli, akaoga kwa ndoo nyuma ya kibanda, akavaa nguo za nyumbani na kuteremka kwa mkewe. Mahali pale alipachagua kwa makusudi: mtaro ulivuka chini ya barabara ukaenda zake upande wa pili, kwenye majabali, ambako hapakuwa na nyumba, shamba wala mtu.

Na kifuniko cha bomba alikifunga utepe wa kitambaa cha rangi ya chungwa, kwa sababu kiliwahi kumpotea kwenye nyasi akahangaika wiki nzima kuziba tangi kwa mfuko wa plastiki. Utepe huo ulikuwa baki la gauni ambalo mkewe alimshonea mtoto wao wa mwisho siku alipokwenda chuo.

Huyo mtoto wa mwisho, wote walimwita Kitinda, ndiye aliyekuwa roho ya baba yake. Ndugu zake walicheza na magari ya makopo. Yeye alicheza na vyura. Nyuma ya nyumba, chini ya mteremko, palikuwa na kidimbwi chenye matete. Maji yake hayakuchotwa, maana maji ya nyumbani yalitoka kisima cha juu. Kazi ya kidimbwi ilikuwa kulea vyura tu, na kazi ya Kitinda ilikuwa kuwatoa huko. Mama mtu alishawahi kuvuta droo ya cherehani atafute chaki, akashika kitu kibichi kikamtazama. Mteja aliyekuwa anapimwa kiuno alitoka mbio na tepu shingoni.

"Huyu mtoto ataolewa na chura," mama alisema.

"Mradi awe na kazi," akajibu baba.

Basi hakuolewa na chura, ila chuo kilimwajiri kwa ajili ya hao hao vyura. Na mvua zilipoanza mwaka ule, Kitinda akashuka kwenye gari na vizimba vya wavu, chupa, nyavu za mikono na mabuti makubwa kuliko ya baba yake. Kabla hajanywa hata maji alikuwa ameshika beseni la bluu.

"Weka chini," mama alisema bila kugeuka, mguu uko kwenye cherehani. "Hilo ni la kufulia mashati ya baba yako. Si wodi ya wazazi."

"La kuazima tu, mama."

"Uliazima sufuria ulipokuwa darasa la tatu. Mpaka leo sijaipikia."

Jioni hiyo, wakiwa wamekaa watatu chumba cha mbele, katikati ya vipande vya nguo, Kitinda alieleza lililomleta. Kwenye mashamba makubwa kule chini, alisema, dawa ya magugu inateremka na mvua mpaka mabwawani, na vyura wa huko wameharibika. Mayai mengine hayaanguliki. Viluwiluwi wanachelewa kuota miguu, na wengine inaota imepinda. Wakikua, madume wanasahau kwamba ni madume.

Mzee Sabuni akacheka. "Wanasahauje, mama? Wanaanza kusuka nywele?"

"Nikiwafungua ndani nakuta mayai, baba. Dume, na ana mayai. Jioni haimbi. Asipoimba jike hamfuati, na wasipofuatana hakuna watoto. Bwawa linanyamaza hivyo hivyo, na watu hawajui hata limenyamaza lini."

Mzee aliacha kucheka. Alitazama mikono yake, misafi, kucha fupi.

"Sasa nataka kidimbwi kisichofikiwa na dawa," Kitinda aliendelea, "nikilinganishe na hayo mabwawa. Walipouliza nani anakijua, nikanyoosha mkono. Nikasema kipo nyuma ya nyumba ya baba yangu, na baba yangu ndiye Mzee Sabuni."

Mwenzangu, ungemwona mzee yule. Kifua kilijaa mpaka kifungo cha kola kikamkaba.

"Nikipata viluwiluwi wazima hapa, nitakuwa nakuja kila mvua, miaka mitatu, minne, nakaa nanyi msimu mzima."

"Na usipowapata?"

"Mkubwa wangu anacho kingine, milimani. Safari ya siku mbili, na mvua ikinyesha njia inafungwa. Itabidi nikae huko huko."

Cherehani ikanyamaza. Mkewe alikuwa mtu wa kushona huku akila, huku akigombana, huku akiombewa dua. Mguu wake ulikuwa hausimami. Sasa ulisimama.

"Milimani nani atakupikia?" aliuliza. Kisha, kabla hajajibiwa: "Chukua beseni."

Basi Mzee Sabuni akawa mlinzi wa kidimbwi. Alimsaidia binti yake kupigilia vigingi vya vizimba, akakusanya naye mayai, yale yanayoshikana kama ute wenye punje nyeusi, akayabeba kwenye beseni kana kwamba anabeba kichanga. Aliwazungukia wapulizaji wenzake, vijana aliowafundisha kazi mwenyewe, akawaambia atakayeonekana na dawa upande wa kidimbwi atamjua yeye ni nani. Nao wakamwitikia, wakaendelea kuosha mabomba yao pale pale alipowafundisha, mtaroni kando ya kibanda chake.

Kila asubuhi kabla ya kazi alichuchumaa majini.

"Haya, wajukuu zangu. Miguu iko wapi? Mnalala tu. Mnamwaibisha mama yenu."

Lakini wajukuu hawakumsikia. Mayai mengi yalibaki meupe, yakaoza. Walioanguliwa walinenepa vichwa wakabaki na mikia yao; wenzao wa umri huo, Kitinda alisema, walipaswa kuwa na miguu ya nyuma. Kati ya wachache walioota miguu, mmoja alikuwa na mguu uliokunjikia ndani kama sindano iliyopinda, akawa anazunguka mahali pamoja. Kitinda alijaza maji chupani akayapeleka chuoni yapimwe, majibu yakawa hayaji. Alipunguza kusema. Usoni alikuwa vile vile alivyokuwa utotoni chura wake alipokufa: halii, anakaza mdomo tu.

Mzee Sabuni hakuweza kuuvumilia ule mdomo. Akafanya jambo pekee alilojua kulifanya: akaongeza usafi. Alikuwa akisuuza tangi mara tatu. Sasa alisuuza mara tatu kwa maji matupu, halafu mara tatu kwa sabuni ya unga, asije akaleta hata tone moja nyumbani. Povu lilijaa mtaroni. Ovaroli aliifua mpaka ikaanza kuchanika magotini, na mkewe akaitia viraka.

"Baba watoto, unafua au unaadhibu?"

"Labda inatoka kwangu," alisema. "Labda nabeba dawa kwenye nyayo."

"Nyayo zako zinang'aa kuliko sahani zangu. Tulia."

Siku moja baada ya chai Kitinda alisema kesho atampigia mkubwa wake simu. Alisema akitazama kikombe. Baba yake alivaa kofia akaenda kazini, akapulizia dawa ya magugu kwenye shamba la mahindi la jirani mmoja, na kutwa nzima hakupiga mluzi.

Aliporudi kibandani mvua ilikuwa imekatika, mtaro umejaa unakwenda mbio. Aliosha bomba kwa hasira, kama ndilo lililomwita binti yake milimani. Alilitikisa, akalipindua, akalisugua. Mkono uliojaa povu ukateleza, na kifuniko kikachomoka, kikadunda kwenye jiwe, kikaanguka majini. Kilielea na utepe wake wa rangi ya chungwa, kikaondoka.

"We! We! Rudi hapa!"

Alikimbia na mabuti kando ya mtaro, yakimpigapiga miundini. Kifuniko kilifika barabarani kikaingia kwenye kalavati, lile bomba la kupitishia maji chini ya lami. Mzee hakuwa na wasiwasi. Alivuka lami taratibu, akateremka upande wa pili, upande wa majabali, akainama kukipokea.

Akangoja. Hakikuja kifuniko, wala povu. Ndipo akatazama anapokanyaga. Mfereji wa zamani ulikuwa mkavu. Katikati ya masika, mkavu! Nyasi zilikuwa zimeota ndani yake mpaka magotini, na buibui kajenga. Miaka kadhaa nyuma, barabara ilipotiwa lami, mafundi walifukua hapo wakazika mabomba mapya ya zege, na kila mtu, yeye akiwemo, alikuwa akishangilia vumbi kwisha. Nani angeuliza maji yamegeuziwa wapi?

Alivuka tena barabara. Aliona sasa kwamba kalavati ilitoa tawi pembeni, na tawi lile lilifukiwa kidogo, likatokeza nyuma ya ukuta wa jirani, likateremka kati ya migomba. Alilifuata. Hakuhitaji kutafuta sana, kwani povu lake lilimwongoza, mabonge mabonge meupe, mengine yamenasa kwenye majani, yananukia vizuri. Alijua linakokwenda kabla hajafika. Lakini miguu iliendelea tu kwenda, kama ya mtu aliyeitwa na mkubwa.

Povu liliishia kwenye matete. Na kwenye matete alisimama Kitinda, maji magotini, ameinua wavu wake wa mkono juu ya kizimba. Ndani ya wavu, pamoja na viluwiluwi wawili wasio na miguu, mlikuwa na kifuniko chenye utepe wa rangi ya chungwa.

"Baba," alisema. "Hiki si chako?"

Mzee aliinamisha kichwa kukubali. Binti alitazama kifuniko, akatazama povu linaloguswaguswa na maji kwenye vizimba vyake, akalifuata kwa macho kupanda juu ya mteremko mpaka kwenye mabuti ya baba yake.

"Sabuni ya unga?"

"Nimeongeza," alisema mzee kwa shida. "Kwa ajili yako, mama. Nilidhani yanakwenda kwenye majabali."

Kitinda akafungua kinywa, na lililotoka halikujulikana kama ni kicheko au kilio. Ndipo mzee alipogutuka, akaona binti yake amesimama wapi na ndani ya nini.

"Toka humo! Toka majini sasa hivi!"

Akamvuta mkono. Akampandisha mpaka uani, akamkalisha kwenye kigoda, akamvua mabuti yale yaliyokuwa yamejaa maji mpaka juu. Alichota maji ya kisima, akatoa sabuni ya kipande mfukoni, akamwosha binti yake miguu: nyayo, kati ya vidole, vifundo, mpaka magotini, akasuuza, akaanza tena. Alikuwa hajamwosha hivyo tangu akiwa mdogo wa kubebwa. Kitinda alimwachia. Mara ya tatu aliinama akaweka kidevu chake juu ya kofia ya baba yake.

"Imetosha, baba. Zimetakata."

"Bado kidogo."

Mama alikuwa amesimama dirishani. Aliona kifuniko kimewekwa juu ya ukuta, kinachuruzika povu, akatazama miguu ile inavyosuguliwa, akaelewa bila kuambiwa. Alitoka na taulo, ile mpya.

"Mimi ndiye niliyemtaka huyo bomba akae mbali na mimi," alisema akimkausha bintiye. "Sikuuliza akiwa mbali na mimi, anakuwa karibu na nani."

"Sote hatukuuliza," alisema Kitinda.

Simu kwa mkubwa ilipigwa kesho yake, uani. Mzee alijifanya anagongelea kigoda ambacho hakikuwa kimevunjika. Binti aliposhusha simu alikuja kuchuchumaa mbele yake.

"Nakwenda milimani, baba. Kidimbwi safi bado kinatakiwa."

Mzee akatikisa kichwa polepole. Alikuwa amejiandaa, ila kujiandaa hakukumsaidia.

"Lakini nimemwambia hivi: kidimbwi kilichougua, na ugonjwa wake unajulikana, na umekatwa siku inayojulikana, wangapi wanacho? Mtu angeweza kukifuatilia aone kama vyura wanarudi. Amesema wazo ni zuri. Amesema pia haamini, maana wapulizaji wote wa hapa wanaosha kwenye mtaro ule, na hakuna atakayewaachisha. Mvua zijazo akikuta dawa imo, basi. Ikiwa haimo, nusu ya msimu nitakaa hapa."

"Nani kawafundisha kuosha pale?" aliuliza mzee.

"Wewe."

"Basi haya."

Mtu aliyeitwa Sabuni miaka yote hiyo, kwenda kusimama mbele ya vijana wake na kuwaambia alikuwa anachafua, si jambo dogo. Aliwakusanya kibandani Jumapili, akawapeleka kwa miguu: mtaroni, kalavati, nyuma ya ukuta, migombani, matete. Hakueleza mengi. Aliwaonyesha yule kiluwiluwi anayezunguka.

"Kumbe!" mmoja alidakia. "Mzee Sabuni katuchafulia mji!"

Wakacheka, naye akawaacha wacheke mpaka wakachoka. Kisha akawaonyesha namna mpya, aliyofundishwa na Kitinda. Kuanzia sasa bomba linaoshwa kule kule shambani. Unabeba dumu la maji; unasuuza mara tatu, na kila maji ya kusuuza unayapulizia kwenye mimea ile ile iliyokuwa inapata dawa, mpaka tangi liwe tupu. Mtaroni haimwagwi hata ya kunawia.

"Dumu zito, mzee," wakalalamika.

"Zito," akakubali. "Nani kasema jepesi?"

Aliyekaidi alimkuta mzee amekaa kwenye jiwe la mtaroni, hasemi kitu, anamtazama tu, mpaka mtu akaona aibu akabeba bomba lake akaondoka. Wawili watatu walihamia upande mwingine kwa hasira. Hao nao aliwafuata huko huko na dumu lake.

Mvua zikaisha, jua likaja, kidimbwi kikapungua mpaka matete yakasimama kwenye tope, mvua zikarudi. Kitinda alikuwa bado milimani, njia imefungwa. Simu ikishika, swali la baba lilikuwa moja: "Mama, umekula?" La mama lilikuwa: "Beseni langu liko wapi?" Lilikuwa huko milimani.

Ndiyo maana siku mzee alipopanda kutoka kidimbwini amekusanya viganja, anatembea kwa uangalifu, maji yanamdondoka viwikoni, hapakuwa na beseni la kumpa. Mkewe alichungulia kati ya vidole vyake. Akaenda kabatini, akatoa bakuli la kioo, lile la wageni ambalo hata watoto wake mwenyewe hawakuruhusiwa kuligusa, akalijaza maji ya mvua.

"Ukimwambia mtu," alisema, "nakukana."

Ndani yake akaogelea kiumbe mwenye mkia bado, ukubwa wa kifungo cha koti, na miguu minne. Walimgeuzia bakuli huku na huku. Miguu ilikuwa imenyooka, yote.

Gari la Kitinda lilipofika wiki iliyofuata, njia imefunguka na maji ya kidimbwi yamepimwa yakakutwa hayana dawa, bakuli lilikuwa juu ya meza ya kushonea na fundi anashonea ukingoni mwa meza kama mpangaji. Kitinda hakutua hata mzigo. Aliinama mpaka pua ikagusa kioo.

"Yuko mmoja tu?"

"Mmoja wa kukuonyesha. Chini wako wengi," mzee alisema. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kudanganya: "Na wa miguu mibovu bado wapo. Na mayai mengine yameoza. Lakini si kama mwaka ule."

"Hawatapona mara moja, baba. Itachukua mvua nyingi."

"Nyingi kiasi gani?"

"Utanichoka."

Mzee alikohoa, akaangalia pembeni, akafungua kifungo cha kola. "Na huyu ni dume?"

"Bado mtoto. Ngoja akue aseme mwenyewe."

Jua lilikuwa linateremka nyuma ya migomba. Kutoka mateteni, kupitia dirisha lililo wazi, ikaja sauti moja, kavu, kama mtu anayejaribu mlango uliokaa muda mrefu bila kufunguliwa. Ikanyamaza. Ikajaribu tena.

Kitinda aliinua kidole. Mama akainua mguu wake kwenye cherehani, akashika gurudumu kwa mkono lisizunguke, na wote watatu wakakaa kimya kumsikiliza.